Mpangaji Asiyepiga Simu

Mume wangu Berend aliwagawa watu wa mtaa wetu mafungu mawili: wanaompigia simu mwenye nyumba, na wasiompigia. Sisi tulikuwa wasiopiga. Miaka thelathini na minane tumepanga nyumba hii hapa Kampen, namba kumi na saba, na kila mara chama cha nyumba, ambacho ndicho mwenye mali, kilipotuletea barua ya kuuliza kama tuna malalamiko, Berend alijibu kwa neno moja, "Hakuna," akaenda mwenyewe kuitia kwenye sanduku la posta. Wengine hujivunia watoto. Yeye alijivunia neno hilo.

Sheria yetu haina mafumbo. Nyumba ni ya mwenyewe, lakini matengenezo madogo ni ya mpangaji. Bawaba ikilia, paka mafuta. Skrubu ikilegea, kaza. Koki ikidondosha, badilisha wosha, kile kipete cha mpira ndani yake. Sinki likiziba, zibua. Balbu, swichi, rangi ya kuta za ndani, kifuniko cha choo, vyote hivyo viko juu yako. Baridi ikiingia, vipasha joto vya ukutani unavitoa hewa wewe, na boila inayovipelekea maji ya moto ikipungukiwa maji unaiongeza wewe, kwa mpira unaounganisha na koki. Paa likivuja au ukuta ukipasuka, hapo ndipo zamu ya mwenye nyumba inapoanza. Berend alikuwa na orodha nzima kutoka kwenye sheria, ameikunja mara nne na kuiweka kwenye droo ya vijiko. Wenzetu walisoma Biblia baada ya chakula. Sisi tulisoma Biblia, halafu mara mojamoja tukasomewa orodha.

Alifariki Novemba, miaka miwili iliyopita. Tukamzika, tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa kunywa kahawa na kile kipande kimoja cha keki wanachopewa wafiwa, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Mwanangu Wessel, ambaye ni wa pekee, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima kule Amersfoort, na kila kitu maishani mwake kina faili. Aliniketia karibu, akanishika mkono, akaniambia nyumba ile itanishinda. Ngazi, bustani, boila. Ningemjibu kwa upole, mambo yangeishia pale. Lakini mimi nina ulimi, na siku ile nilikuwa na uchungu pia.

"Siku kazi za mpangaji zitakaponishinda," nilimwambia, "nitahama mwenyewe kwa miguu yangu. Hutanisukuma."

Wessel akatoa daftari lake la miadi kwenye mfuko wa koti la msiba, akaandika. Nilimwona kwa macho yangu. Kuanzia hapo haikuwa hasira ya mjane tena, ilikuwa ahadi, na kwetu ahadi iliyoandikwa kwenye daftari la miadi haifutiki.

Basi nikajifunza. Mwanamke wa miaka sabini na moja, ambaye maisha yake yote alikuwa akishika tochi huku mume anakaza skrubu, nikaanza kukaza mwenyewe. Nilibadilisha wosha ya koki ya jikoni nikaloa mpaka chupi, lakini ikanyamaza. Nilizibua bomba la bafu nikatoa nywele za kutosha kusuka kamba. Kila nilipomaliza jambo niliweka alama ya penseli kwenye orodha, na nakiri kwamba nilianza kuringa. Nilikuwa nikipita nje ya nyumba za wenye waume nikisikia bawaba zao zinalia, nikacheka peke yangu.

Kisha boila ikaanza kunidhalilisha.

Boila ina kijisaa chenye mshale. Mshale ukianguka, maji yamepungua, unaongeza. Watu huongeza mara mbili kwa mwaka, na Berend hakuwahi kuzidisha hapo. Mimi, msimu wa baridi wa kwanza, nilijikuta naongeza kila mwezi. Wa pili ukaja, ikawa kila wiki. Kufikia Krismasi ilikuwa kila asubuhi, kabla ya chai: napanda darini iliko boila, naunganisha mpira, najaza, nautazama mshale ukipanda, nateremka. Kesho yake umeanguka tena. Kipasha joto cha chumba changu cha kulala kikafa kabisa, nikakitoa hewa mpaka ufunguo wa kutolea hewa ukanikata kidole, kikabaki baridi vilevile. Nikahamia kulala chumba kidogo cha nyuma, na chupa ya maji ya moto miguuni.

Msomaji atauliza, kwa nini sikupiga simu? Kwa sababu kuongeza maji ni kazi ya mpangaji. Imeandikwa. Nilikuwa na hakika kwamba naifanya vibaya, kwamba kuna ujanja fulani mikono ya Berend ilikuwa nao na yangu haina. Ningepiga simu ningeulizwa, "Mama, umeongeza maji?" na jibu lingekuwa ndiyo, kila siku, na bado. Hapo ningekuwa nimeshindwa kazi ya mpangaji kwa ushahidi. Wessel alipokuja Jumapili niliuficha ule mpira kwenye kapu la nguo chafu, nikawasha jiko la oveni mapema ili nyumba ipate joto, na nikamwambia nimeamua kuoka. Nilioka mikate mingi ya tufaha msimu ule kuliko duka la mikate.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mbu.

Jirani yangu Lammie, tunayeshirikiana naye ukuta, aligonga mlango katikati ya Januari, nje barafu imeganda mitaroni. Alikuwa amevimba jicho moja.

"Geesje, nimeumwa na mbu," alisema. "Januari. Mbu wanatoka kwenye ubao wa sakafu upande wako. Unafuga nini huko chini, shoga, vyura?"

Nikacheka. Nikamwambia labda ni wa kwake, maana mbu hawana mipaka. Akacheka na yeye, lakini Lammie ni wa fungu la wanaopiga simu. Kesho yake chama cha nyumba kikaniandikia kwamba fundi atakuja Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, kuangalia uvungu wa nyumba yangu, ule uwazi wa kutambaa ulio chini ya sakafu.

Na wiki hiyohiyo, kana kwamba yalipangwa, Wessel alipata nyumba. Ilikuwa Amersfoort, ghorofa ya tatu, jengo la wazee, ina lifti na kitufe cha kuvaa shingoni ukianguka. Alikuwa ameniandikisha bila kuniambia. Jibu lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita, na anayesema ndiyo anatia saini ya kuachia nyumba yake ya zamani palepale. Nyumba hizi zikishatoka mkononi hazirudi, kuna foleni ya miaka. Aliniambia haya kwenye simu kwa sauti ya taratibu, na mwisho akanikumbusha ahadi yangu. Kisha akasema Lammie amempigia kuhusu mbu, kwa hiyo amechukua likizo ya siku moja, Alhamisi atakuwepo.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nikizunguka nyumba mchana nikigusa vitu: mlango wa kabati alioutengeneza Berend, kingo ya dirisha nilipokuwa nikimkalisha Wessel akiwa mdogo ili amwone mtu wa maziwa. Nilikuwa na uhakika kwamba Ijumaa hiyo nimekwisha. Na kilichoniuma zaidi ya kuhama ni kwamba ningehama kwa sababu ya ubovu wa mikono yangu.

Alhamisi saa tatu kasoro robo fundi akafika. Jina lake Ferhat, mtu wa makamo mwenye magoti ya ovaroli yaliyochakaa, mzaliwa wa hapahapa Kampen, baba yake alikuja kutoka Uturuki kufanya kazi kiwanda cha masufuria. Alivua viatu bila kuambiwa. Nikampenda kwa hilo, halafu nikakumbuka kwamba hakuja kupendwa. Wessel alikuwa amekwisha keti mezani na faili lake, fomu ya Amersfoort juu kabisa, kalamu pembeni.

Nikawapa kahawa na biskuti moja kila mmoja, nikafunga kopo. Ferhat akanywa akiwa amesimama, akauliza vipasha joto vinafanya kazi. Nikasema vinafanya. Wessel akaniangalia. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba.

Mfuniko wa uvungu uko mlangoni, chini ya zulia la kupangusia miguu, kama nyumba zote za hapa. Berend alikuwa akiingia humo kila mwaka, Oktoba, kuangalia panya. Mimi sijawahi, aliniambia si mahali pa mwanamke na sikuona sababu ya kubishana kuhusu mchanga na buibui. Ferhat akaondoa zulia, akainua ubao. Mvuke ukatoka. Ulipanda polepole mpaka kwenye makoti yaliyoning'inia, na mbu watatu wakatoka nao.

"Mama," Ferhat alisema, akimulika tochi, "hapa chini kuna bwawa. Na maji yenyewe ya vuguvugu."

Akavaa mabuti ya mpira, akaingia. Tukamsikia akitambaa chini ya ukumbi, chini ya sebule, chini ya miguu yetu. Nilijua ni maji ya nani. Ndoo kwa ndoo, asubuhi kwa asubuhi, nilikuwa nimeyamimina mimi. Wessel alikuwa akiisogeza kalamu kidogo, akiirudisha.

Baada ya robo saa kichwa cha Ferhat kikatokeza tena sakafuni, nywele zimejaa utando wa buibui. Alikuwa ameshika kitu. Akakiweka juu ya gazeti la jana: kipande cha tyubu ya baiskeli, cheusi, kimekauka na kupasuka, na vibano viwili vya chuma vya kukaza mpira, vimeota kutu.

"Hiki kilikuwa kimefungwa kwenye bomba la joto linaloenda juu," alisema. "Nani alikifunga?"

Hapo jasho jembamba lilinitoka, kwenye nyumba isiyo na joto. Niliitambua kazi ile kabla hajamaliza kuuliza. Kila mtu hukata tyubu kwa mkasi, Berend peke yake ndiye aliyekuwa akiikata kwa kisu cha viazi na kuilainisha kingo kwa msasa, ili isianze kuchanika. Mpangaji amegusa bomba la mwenye nyumba. Amelifunga kwa mpira wa baiskeli. Niliona barua, niliona lawama, niliona lifti ya Amersfoort. Ningeweza kusema sijui, na Mungu anisamehe, neno lilinifika kwenye meno. Lakini tyubu ile ilikuwa imelazwa mbele yangu, kazi ya mikono yake, na kuikana ilikuwa kama kumkana yeye.

"Ni mume wangu," nilisema. "Ni marehemu. Na maji yote hayo nimeyatia mimi. Naongeza boila kila asubuhi tangu kabla ya Krismasi, na mpira wa kujazia uko kwenye kapu la nguo chafu."

Wessel akasimama. "Kila asubuhi, Mama?"

"Kila asubuhi."

"Na mikate ya tufaha?"

"Kwa ajili ya joto la oveni."

Ferhat alikuwa bado ameegemeza viwiko kwenye sakafu, nusu yake ndani ya uvungu. Akauliza naongezaje. Nikaona ananitega, lakini nilikuwa nimechoka kuficha, nikamwambia kama nilivyosoma: nazima boila, nasubiri ipoe, naunganisha mpira kwenye koki kwanza na kuujaza maji mpaka ncha ya pili, ili hewa isiingie, ndipo naufunga kwenye boila, nafungua taratibu mpaka mshale ufike kwenye moja na nusu, nafunga, natoa hewa vipasha joto kuanzia chini kwenda juu, naangalia mshale tena.

"Unaujaza mpira kwanza?"

"Ndiyo. Nimekosea?"

"Mama, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," alisema. "Wanaojaza mpira kwanza nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hujakosea kitu. Bomba limeoza kutoka nje, mchanga mbichi umelila. Hata ungeongeza na malaika ameshika tochi, maji yangeshuka chini tu."

Nikamuuliza na kile kiraka je, maana nilitaka lawama yote itoke siku moja. Akakigeuza mkononi. Akasema bomba lilikuwa limeshaoza siku kiraka kinafungwa, ndiyo maana kilifungwa. Kiraka hakikuharibu kitu, kilisaidia. Mabomba ya uvunguni ni ya mwenye nyumba tangu nyumba inajengwa, hayamo kwenye orodha ya mpangaji hata kwa darubini, na mzee alitakiwa kupiga simu siku ya kwanza.

"Tena kuna maandishi," akaongeza. "Kwenye boriti, pembeni ya bomba. Njoo uone, bwana."

Alikuwa akimwambia Wessel. Na mwanangu, ambaye hupiga pasi hata soksi, akavua koti, akapewa mabuti ya baba yake kutoka kibandani, akashuka kwenye shimo la mlangoni na shati lake jeupe. Nikabaki nimesimama juu na kikombe. Nikamsikia akitambaa. Kisha sauti yake ikatoka chini ya meza ya kulia, ikisoma.

Zilikuwa tarehe. Berend alikuwa akiandika tarehe kwenye kila kitu, chupa za jemu, balbu, betri za saa, kwa penseli ile bapa ya seremala. Pale kwenye boriti aliandika tisa, moja chini ya nyingine, zote za Oktoba, na mbele ya kila moja neno lilelile: nimekaza. Wessel alizisoma zote kwa sauti. Ya mwisho ilikuwa wiki tano kabla ya Berend kufa.

Niliikumbuka siku hiyo. Alitoka kwenye uvungu akihema, midomo ya bluu, ikabidi akae kwenye ngazi nusu saa. Nilimgombeza. Nilimwambia panya hawana haraka, waache mpaka apone. Akanijibu kwamba panya wakiachwa wanazidi. Kumbe miaka tisa hapakuwa na panya hata mmoja. Mtu mzima anatambaa kwenye mchanga na kifua kibovu, anakaza kibano kwa bisibisi, anatoka, anajipangusa, anaandika "Hakuna" kwenye barua ya malalamiko.

Nikakaa chini. Nililia kidogo, kisha nikacheka, na mtu wa nje asingejua kipi kilianza. Nilikuwa na hasira naye, ndiyo. Lakini zaidi ya hasira nilisikia mabega yangu yanashuka, kwa sababu misimu miwili ya baridi nilikuwa nikijipima na Berend na kujiona si kitu, na kumbe Berend mwenyewe alikuwa ameshindwa na boila ileile. Alinizidi kuficha tu.

Wessel alipotoka alikuwa na mchanga mpaka nyusi. Hakwenda kunawa. Alikaa mbele ya faili lake, na kwa muda nilidhani sasa atasema kama kawaida yake kwamba yote hayo hayabadilishi kitu, na alianza hivyohivyo kweli. Alisema niliahidi.

"Niliahidi kazi za mpangaji," nilimwambia. "Lete orodha. Droo ya vijiko."

Akaileta. Akaisoma kama mwanasheria, kidole juu ya kila mstari, na mimi nikajibu. Bawaba? Mafuta, Septemba. Wosha za koki? Mbili. Mifereji ya ndani? Aende akahesabu nywele kwenye ndoo kama anataka. Vipasha joto kutolewa hewa? Nikamwonyesha kidole chenye kovu. Rangi? Chumba kidogo, nimepaka mara mbili. Akafika kwenye mfereji wa maji ya mvua pembezoni mwa paa, akasita.

"Huu hujausafisha, Mama."

"Baba yako alikuwa akipanda ngazi ndefu. Mimi siwezi."

Ferhat, aliyekuwa akiandika ripoti yake akiwa amesimama, hakuinua uso. "Kama mpangaji haufikii bila hatari, ni wetu," alisema. "Wa kwenu uko mita sita. Huo nao ulikuwa wetu siku zote."

Wessel akanitazama. Nadhani sote wawili tulikuwa tunaona picha moja, Berend mwenye miaka sabini na nne juu ya ngazi ile, Lammie chini akimpigia kelele ateremke. Kisha mwanangu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamuuliza Ferhat, kwa sauti ya chini, kwamba huko kuujaza mpira kwanza maana yake ni nini hasa, kwa sababu kwake Amersfoort boila ikishuka anamwita mtu.

"Unamwita mtu?" nilimuuliza. "Kuongeza maji?"

"Nalipia huduma kila mwezi, Mama. Sijui hata mpira uko wapi."

Ningeweza kumchoma kwa maneno, na kweli yalikuwepo mengi. Nikayaacha. Alikuwa amekaa pale na mchanga kwenye nyusi, na sura ilikuwa ileile aliyokuwa nayo kwenye kingo ya dirisha akiwa na miaka minne. Akachukua simu, akapiga Amersfoort, akajitaja jina, akasema anaongea kuhusu ile nyumba ya ghorofa ya tatu. Akasema, "Mama yangu haji. Hapana, si mgonjwa. Hahitaji." Halafu akaikunja ile fomu, akanipa niitie kwenye kapu la karatasi kuukuu, maana hatutupi karatasi pamoja na takataka nyingine.

Ferhat akanipa ripoti nitie saini. Chanzo: uchakavu wa bomba. Wajibu: mwenye nyumba. Kwenye nafasi ya maelezo alikuwa ameandika kwamba palikuwa na kiraka cha zamani kilichofungwa kwa ustadi. Nikasoma neno hilo, ustadi, mara tatu kabla sijashika kalamu, kisha nikafungua kopo nikampa biskuti ya pili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hii.

Walirudi wawili Jumatatu, wakavuta maji kwa pampu na kubadilisha bomba lote. Mchana ule kipasha joto cha chumba changu cha kulala kikaanza kugonga, tik, tik, nikaweka kiganja juu yake na kukiacha hapo mpaka kikanichoma. Mshale wa boila haujaanguka tangu hapo. Wiki ya kwanza niliendelea kupanda kila asubuhi kuuangalia. Sasa nakunywa chai yangu kwanza. Lammie ananiambia anawakumbuka mbu wake, maana walikuwa wanamtembelea kuliko watoto.

Jumamosi iliyofuata nikapanda baiskeli nikaenda makaburini. Hata kaburi kwetu ni la kupanga, tumelipia miaka ishirini, na usafi wake ni wa mpangaji. Nikapiga brashi jiwe, nikang'oa magugu, na wakati wote nikamsema Berend kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu. Nilimwambia alikuwa mwongo na mshamba wa kiburi. Nilimwambia angeniambia, ningeshika tochi. Nilipomaliza nikaona jiwe lake limeinama upande wa kushoto, kiasi cha vidole viwili. Ardhi imezama chini yake.

Nikalishika kwa mikono miwili nilisukume, nikapanga na miguu. Kisha nikaliachia. Nikajipangusa mikono, nikatembea mpaka ofisi ya msimamizi pale getini, nikagonga.

Akaniuliza nina tatizo gani.

"Jiwe la mume wangu limeinama," nilimwambia. "Sijui ni kazi yako au yangu, lakini peke yangu siliwezi."

Akachukua kofia yake, tukaenda wote.